Sørensen, mtoto wa mkulima aliyetupatia kipimo cha pH



Hivi karibuni tulipita kwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu hapa kwetu Kanda ya Ziwa. Kabla ya kufungua koki ya kuingiza sayanaidi kwenye tangi la kaboni, fundi alichota maji kidogo, akachovya kikaratasi cha rangi ya manjano, akakiangalia kilivyobadilika, akakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye boksi lake. Akatikisa kichwa. Akaagiza kaboni isuuzwe tena. Vijana wawili waliokuwa wanangojea kazi iendelee walinuna, lakini walisuuza.

Tulimuuliza kikaratasi kile kinapima nini. Akasema, pH. Tukauliza pH ni nini hasa. Akasema ni namba, na ile namba ikikosewa hapa, watu wanaweza kufa na dhahabu nayo isitoke.

Namba hiyo ina mwenyewe. Aliyeitunga ni mtoto wa mkulima kutoka Denmark, aliyefariki miaka mingi kabla ya mtambo wa aina ile kujengwa popote duniani. Hakuwahi kufanya kazi ya dhahabu, alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia. Haya ndiyo maisha yake.

Kutoka shambani hadi chuo kikuu

Søren Peter Lauritz Sørensen alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, kwenye kisiwa cha Zealand, Denmark. Baba yake alikuwa mkulima. Alipofika umri wa miaka 18 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari wa watu. Huko alikutana na mwalimu wa kemia, S. M. Jørgensen, mtu aliyeheshimika sana kwa kazi yake juu ya madini na chumvi zake. Somo la kemia likamvuta kijana, akaachana na udaktari.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kukaa kitako. Wakati anaandaa shahada yake ya uzamivu alikuwa msaidizi kwenye maabara ya chuo cha ufundi, akasaidia upimaji wa miamba ya nchi yake, na akawa mshauri wa kemia kwenye karakana ya meli za jeshi la wanamaji. Shahada aliipata mwaka 1899, kwa utafiti juu ya chumvi za madini ya kobalti. Kwa hiyo hadi hapo alikuwa mtu wa madini na chumvi. Vitu vilivyo hai hakuwa amevigusa sana. Kilichombadilisha ni kazi mpya aliyoipata.

Maabara isiyoficha siri

Mjini Copenhagen kulikuwa na kiwanda cha bia cha Carlsberg. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, alikuwa mfanyabiashara mwenye imani kubwa na sayansi. Mwaka 1875 alianzisha maabara kando ya kiwanda ili kuchunguza kwa kina mambo yanayotokea ndani ya kimea, hamira na pombe.

Jacobsen aliweka sharti ambalo hata leo wafanyabiashara wengi wasingelikubali: matokeo yoyote ya maabara hiyo yenye manufaa, yawe ya nadharia au ya vitendo, yasifichwe. Yatangazwe, hata washindani wake wayasome. Sharti hilo lishike kichwani, msikilizaji, maana tutalirudia.

Mkuu wa idara ya kemia alikuwa Johan Kjeldahl. Yeye ndiye aliyetunga, mwaka 1883, njia ya kupima naitrojeni katika nafaka na vyakula, ambayo hadi leo hutumika kujua protini iliyomo kwenye chakula cha mifugo na cha watu. Kjeldahl alifariki mwaka 1900. Mwaka 1901 nafasi yake ikachukuliwa na Sørensen, akiwa na umri wa miaka 33. Aliishika nafasi hiyo hadi mwaka 1938.

Tatizo lililomsumbua

Kazi kubwa ya idara hiyo ilikuwa juu ya protini na vimeng'enya. Vimeng'enya ni vile vitu vidogo vya asili vinavyofanya kazi ya kubadilisha: ndivyo vinavyogeuza wanga wa kimea kuwa sukari, na ndivyo vinavyosaga chakula tumboni.

Mama yeyote anayepika togwa anajua kwamba kazi hii haitaki fujo. Kimea kikizidi au uji ukiwa wa moto mno, togwa haitoki vizuri. Sørensen na wenzake waliona kwamba pamoja na joto, uchachu nao una nguvu kubwa sana. Kimeng'enya kimoja hupenda uchachu mwingi, kingine hupenda kidogo, na ukikosea kidogo tu kazi inasimama.

Basi ni rahisi, utasema: pima tindikali uliyotia. Hapo ndipo penye mtego. Chukua vyombo viwili, kimoja cha maji matupu na kingine cha maji yenye protini. Tia kijiko kimoja cha tindikali ile ile katika kila chombo. Maji matupu yatakuwa makali mara moja. Ya protini yanaweza yasibadilike sana, kwa sababu protini huimeza sehemu ya ile tindikali. Ulichotia ni sawasawa, lakini ukali uliobaki huru kufanya kazi si sawa.

Sørensen aliona kwamba kinachoamua ni ule ukali ulio huru, yaani chembechembe za haidrojeni zenye chaji, ambazo wanakemia huziita ioni za haidrojeni. Hizo ndizo za kupima. Ila namba zake zilikuwa za kuchosha. Katika maji safi, gramu 1 tu ya ioni hizo inapatikana katika lita 10,000,000. Nani ataandika sufuri zote hizo kila siku bila kukosea?

Kuhesabu sufuri

Mwaka 1909 Sørensen alichapisha utafiti wake mrefu juu ya vimeng'enya, kwa Kidenmark, Kijerumani na Kifaransa. Ndani yake mlikuwa na wazo dogo: badala ya kuandika namba nzima, hesabu sufuri.

Maji safi yana gramu 1 ya ioni katika lita 10,000,000. Sufuri ni saba. Basi pH yake ni 7. Kitu chenye gramu 1 katika lita 100 kina sufuri mbili, pH yake ni 2, na huo ndio ukali wa juisi ya limau. Herufi H ni ya haidrojeni. Herufi p imezua ubishi miaka yote, lakini wengi huielewa kuwa ni ya neno lenye maana ya kipeo katika hesabu, ambalo katika lugha zote tatu alizoandikia linaanza na p.

Kwa kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Chini ya 7 ni tindikali. Juu ya 7 ni upande wa magadi, chokaa na maji ya majivu. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yako karibu na 6.6, mtindi huwa karibu na 4.5. Maji ya chokaa iliyokolea hupita 12.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 7 hadi 6 ukali umeongezeka mara 10. Kutoka 7 hadi 5, mara 100. Kwa hiyo mtu akikuambia pH imeshuka namba mbili tu, usiseme ni kidogo.

Sørensen hakuishia kwenye namba. Alionyesha njia mbili za kuipata. Ya kwanza ilikuwa ya umeme, kwa kutumia kifaa chenye gesi ya haidrojeni. Ilikuwa sahihi lakini ya taabu. Ya pili ilikuwa ya rangi: kutumia vitu vinavyobadilika rangi kadiri uchachu unavyobadilika, ukalinganisha na chupa ambazo pH yake inajulikana. Kile kikaratasi cha fundi wetu ni mjukuu wa njia hii ya pili.

Na hizo chupa za kulinganishia nazo zina maana. Sørensen aliandaa miyeyusho ambayo pH yake haiyumbi hata ukitia tindikali kidogo au magadi kidogo. Mafundi huiita bafa. Mtu mwenye mashine ya kupimia pH leo anajua vile vichupa vya 4, 7 na 10 vya kurekebishia mashine. Bila vichupa hivyo mashine husema chochote, na wewe huna wa kumuuliza.

Miaka ya baadaye

Baada ya hapo Sørensen alirudi kwenye protini, hasa ile ya ute mweupe wa yai. Mke wake, Margrethe Høyrup Sørensen, alifanya naye kazi maabara. Mwaka 1924, pamoja na kijana aliyeitwa Kaj Linderstrøm-Lang, alirudi kwenye kipimo chake mwenyewe na kurekebisha maana yake, kwa kuwa elimu ilikuwa imesonga mbele. Tunalipenda jambo hili. Wapo wakubwa ambao wakishasema neno halirekebishwi. Yeye alirekebisha la kwake, tena akiwa na kijana.

Alistaafu mwaka 1938, na Linderstrøm-Lang akashika nafasi. Sørensen alifariki tarehe 12 Februari 1939 huko Charlottenlund, karibu na Copenhagen, akiwa na umri wa miaka 71. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Kipimo chake lakini hakikufa. Kwa kuwa maabara ile haikuficha kitu, kila mwenye haja alikichukua: madaktari kwa damu, wakulima kwa udongo, watu wa maji, wa ngozi, wa sabuni. Kilichobaki kilikuwa chombo chepesi cha kukisomea. Huko Marekani mwaka 1934 rafiki wa mwalimu wa kemia Arnold Beckman alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya wakulima wa machungwa na malimau, na alishindwa kupima uchachu wa juisi ya limau. Beckman alimtengenezea kifaa akitumia vali zile zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani, ili kukuza umeme mdogo mno unaotoka kwenye kioo cha kupimia. Mwaka 1935 kifaa hicho kiliingia sokoni. Sisi watu wa redio tunaona fahari kidogo hapo.

Namba hiyo kwenye dhahabu

Sasa turudi kwenye mtambo wetu. Njia ya kutoa dhahabu kwa sayanaidi ilianzia Glasgow, Scotland, mwaka 1887, kwa kazi ya mkemia John Stewart MacArthur na ndugu wawili, Robert na William Forrest. Wakati huo Sørensen alikuwa mwanafunzi wa miaka 19. Wachimbaji wa zamani walijua kwamba ukitia chokaa kazi huenda vizuri. Hawakuwa na namba ya kuambiana chokaa imetosha lini.

Leo mchanga au marudio huwekwa kwenye matangi pamoja na maji ya sayanaidi, dhahabu inayeyuka, kisha kaboni inainasa. Kaboni iliyoshiba dhahabu ndiyo hupelekwa kwenye hatua ambayo wachenjuaji huiita ilusheni, yaani kuibandua dhahabu kutoka kwenye kaboni. Hapo ndipo pH inapanda na kushuka kuliko mahali pengine popote.

Hebu tuifuate. Kaboni imetoka kwenye matangi yenye chokaa, kwa hiyo vitundu vyake vimezibwa na ukoko mweupe, kama ule unaoganda ndani ya birika. Mitambo mingi huuondoa kwa kuosha kaboni na tindikali ya haidrokloriki. Hapo pH iko karibu na 1. Baadaye kaboni huchemshwa katika maji ya moto yenye kostiki soda, ile ile wanayoijua watengeneza sabuni, pamoja na sayanaidi kidogo. Njia moja inayotumika sana huwa na kostiki ya asilimia 1 hivi na joto la karibu nyuzi 95. Hapo pH imepita 13. Kumbuka kila hatua ni mara kumi. Kutoka 1 hadi 13 ni hatua 12, yaani mara trilioni 1, ndani ya tangi moja au mawili, siku hiyo hiyo.

Kwa nini lazima iwe juu? Kwanza, dhahabu yenyewe. pH ikiwa chini, dhahabu hung'ang'ania kaboni. Joto na kostiki vikitosha, inaachia. Pili, maji hayo yakishabeba dhahabu huenda kwenye seli za umeme, ambako dhahabu hujikusanya juu ya nyuzi za chuma kama zile za kusugulia sufuria. Kostiki ndiyo inayosaidia umeme kupita, tena huzuia vyuma vya seli visilike.

Tatu ni uhai. Sayanaidi ikiwa kwenye maji yenye pH ya juu hutulia ndani ya maji. pH ikishuka, hugeuka gesi. Kwenye 9.2, nusu yake tayari iko katika hali ya kuweza kuruka kama gesi. Kwenye 7, karibu yote. Ndiyo maana kwenye matangi ya kuyeyushia dhahabu wachenjuaji makini hawataki pH ishuke chini ya 10, na wengi hushika 10.5. Gesi hiyo huzuia mwili kutumia hewa ya oksijeni ambayo mtu ameshaivuta. Wanasema ina harufu ya lozi chungu, lakini wapo watu ambao kwa maumbile yao hawaisikii kabisa. Kwa hiyo pua si kipimo.

Sasa umeelewa kwa nini fundi alitikisa kichwa. Kaboni ilikuwa imetoka kwenye tindikali na kikaratasi kilionyesha kwamba tindikali bado ipo. Angefungua koki ya sayanaidi wakati ule, vitu viwili ambavyo havipaswi kukutana vingekutana ndani ya tangi. Alichofanya ni kusuuza, kupima tena, kutia kostiki kidogo hadi namba ikapanda, ndipo akaendelea. Ilichukua muda zaidi, na maji zaidi. Wale vijana walionuna walirudi nyumbani jioni.

Mambo machache ya kushika

Wachenjuaji na majirani zao hutuuliza mara kwa mara wafanye nini, nasi tunayo haya machache.

Pima kila zamu, na kila baada ya mvua. Maji ya mvua huzimua, na hewa yenyewe ina kaboni dioksidi inayoshusha pH polepole kwenye matangi ya wazi. Udongo wenye madini ya salfa nao hula chokaa haraka. Jana ilikuwa 10.5 haina maana leo ni 10.5.

Tunza vikaratasi mahali pakavu na uangalie tarehe ya mwisho. Kama una mashine, irekebishe kwa vichupa vya bafa kabla ya kuiamini. Maji ya ilusheni ni ya moto na makali mno kwa vifaa vingi, hivyo chota kidogo kwa tahadhari, acha yapoe, ndipo upime. Na kostiki yenyewe ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa koleo.

Tindikali na sayanaidi visihifadhiwe chumba kimoja, wala visitumie ndoo moja. Mwenzako akianguka karibu na tangi, usimkimbilie bila kinga ya kupumulia. Wengi wanaokufa kwenye gesi ni wale waliokwenda kuokoa. Na kipimo hakichukui nafasi ya hewa ya kutosha, miwani na glovu. Ununuzi na utunzaji wa kemikali hizi unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi zao waulizeni bila kuogopa.

Sørensen alikuwa anatafuta jinsi ya kuelewa vimeng'enya, si jinsi ya kumlinda mchenjuaji wa Geita au Chunya. Lakini alipima vizuri, akaandika kwa lugha tatu, na tajiri aliyejenga maabara ile alikuwa ameshaagiza pasifichwe kitu. Siri ya kiwanda ingebaki Copenhagen. Kwa kuwa haikuwa siri, miaka zaidi ya 100 baadaye fundi mmoja huku kwetu anachovya kikaratasi na kusema hapana, suuzeni tena.

Kwenye mtambo wenu, nani anashika hicho kikaratasi? Kama jibu ni hakuna, basi anzeni hapo kesho asubuhi, kabla ya koki yoyote kufunguliwa. Tukutane hewani.